Kusoma moshi wa ekzosi: rangi, harufu na wakati unapotoka

Gari likianza kutoa moshi wa bluu, neno la kwanza kutajwa huwa ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuifanya upya. Mara nyingi neno hilo huja mapema mno. Moshi huo unaweza kutokana na ringi za pistoni zilizokwisha, na hapo kweli injini itafunguliwa. Unaweza pia kutokana na sili za valvu, ambazo kwenye injini nyingi hubadilishwa bila kung'oa silinda hedi, kichwa cha injini. Au ni valvu ya PCV iliyonasa, yaani valvu ya kupumulia injini, kipande kidogo cha kushikika kwa vidole viwili. Ukitazama rangi peke yake huwezi kuyatenganisha hayo matatu.

Rangi inakwambia ni kitu gani kimeingia kwenye chumba cha mwako. Wakati moshi unapotoka unakwambia kimepitia wapi. Harufu, pamoja na kiwango cha oili na cha maji, vinathibitisha. Mwenye gari anayefika kwa fundi akiwa na majibu ya mambo hayo hafunguliwi injini kwa kubahatisha.

Kabla ya kuwasha

Fanya ukaguzi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha mahali pa tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, kisha andika oili imefika wapi kati ya alama ya chini na ya juu. Kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni kama lita moja, kwa hiyo oili ikishuka nusu ya nafasi, imepotea nusu lita. Weka alama ya kalamu au kipande cha tepu kwenye tenki la akiba la maji ya rejeta, na kingine kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Hicho cha breki wengi hukiruka. Sababu ya kutokiruka utaiona mbele.

Gari liwe nje, mahali penye hewa. Injini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya gereji iliyofungwa inaweza kumuua mtu huku macho yake yako kwenye moshi anaouona.

Simama nyuma kwa pembeni, kama mita mbili kutoka mdomo wa bomba, jua likiwa mgongoni mwako na kitu cheusi nyuma ya moshi, kama ukuta wenye kivuli. Suala la mwanga si dogo. Matone madogo sana ya oili hutawanya zaidi mwanga wa bluu, kwa hiyo moshi wa oili huonekana bluu ukitazamwa jua likiwa nyuma yako. Ukiutazama kutoka upande wa pili, jua likipenya ndani yake, unageuka kahawia au njano chafu. Ndiyo maana watu wawili waliosimama pande mbili za gari moja hubishana kuhusu rangi, na wote wanasema kweli.

Mwenzako awashe bila kukanyaga mafuta. Tazama sekunde 10 za kwanza kwa makini, maana kuna moshi unaotoka hapo tu kisha ukapotea. Injini iachwe ipate moto kwa dakika 10 hadi 15, kisha ipandishwe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ishikiliwe hapo nusu dakika na kuachiwa. Iache ingurume polepole dakika 5 nyingine, halafu mwenzako akanyage mafuta kwa ghafla mara moja. Mwisho lipelekeni gari barabarani: mlima mmoja kwa mzigo, na mteremko mmoja gari likiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta. Katika kila hatua andika kama moshi ulikuwepo, rangi yake na harufu yake. Harufu unayoitafuta ni ile inayokufikia pale uliposimama. Usiinamie bomba kuvuta hewa yake.

Injini ikiwa ya moto, fanya pia kipimo cha karatasi. Chukua karatasi nyeupe isiyong'aa, ibane kwenye fimbo ili mkono usiungue, ishikilie sentimita 30 kutoka mdomo wa bomba kwa dakika moja, kisha iweke kivulini ikauke. Maji yatakauka na karatasi itabaki nyeupe, imekunjamana tu. Petroli au dizeli iliyozidi itaacha masizi makavu, jeusi la unga linalobaki kwenye kidole. Oili itaacha madoa yasiyokauka, na ukiinua karatasi kuelekea mwanga utaona kila doa linapitisha mwanga. Usifanye hivi injini ikiwa baridi, kwa sababu matone ya maji yanayorushwa asubuhi hubeba masizi ya ndani ya bomba na kukupotosha.

Moshi mweupe

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Bomba likiwa baridi hugeuka ukungu mweupe na matone kwenye mdomo wa ekzosi. Mvuke wa aina hii ni mwepesi, hauna harufu ya pekee, hupotelea hewani ndani ya mita moja au mbili, na bomba likishapata joto huisha. Siku za baridi kali unaweza kudumu zaidi. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Wa kushughulikiwa ni ule mweupe mzito unaoendelea kutoka injini ikiwa ya moto, unaoning'inia hewani na kuacha harufu tamutamu. Utamu huo ni wa glikoli iliyomo kwenye kulanti, kimiminika cha kupoza injini. Anayetumia maji matupu kwenye rejeta hatausikia, kwa hiyo asitegemee pua. Ategemee alama ya tepu kwenye tenki. Maji yakipungua siku hadi siku na chini ya gari hakuna tone, wala zulia la ndani halijalowa, basi shuku kubwa ni kwamba yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi, au ufa kwenye hedi yenyewe, na mara chache ufa kwenye bloku.

Thibitisha kabla ya kung'oa hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta (au cha tenki, kwa magari yasiyo na kifuniko kwenye rejeta), jaza maji hadi mdomoni na uwashe. Angalia uso wa maji. Mwanzoni mapovu machache makubwa yanaweza kupanda, hiyo ni hewa iliyokuwa imejificha kwenye mfumo. Unachokitafuta ni mapovu madogo yasiyokoma, yanayozidi kila mwenzako anapopiga resi, kama maji yanayoanza kuchemka ilhali ukiyagusa bado ni baridi. Hiyo ni gesi ya mwako inasukumwa kwenye njia za maji. Zima kabla maji hayajapata moto na kuanza kupanda. Na kifuniko cha rejeta ya moto kisifunguliwe kamwe: maji yaliyo chini ya shinikizo hubaki kimiminika hata yakipita nyuzi 100, na ukikifungua hulipuka mvuke usoni.

Kipimo kingine ni kile cha kimiminika cha bluu. Chombo chake huwekwa mdomoni mwa rejeta, hewa ya juu ya maji huvutwa kupitia kimiminika kwa dakika moja au mbili, na kikikutana na kaboni dioksidi ya mwako hugeuka njano. Punguza maji kidogo kwanza; yakiingia kwenye kimiminika jibu linaharibika. Uvujaji mdogo usiojitokeza hapo hupatikana kwa pampu ya shinikizo. Pampu mfumo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida bar 0.9 hadi 1.1, uache dakika 15. Sindano ikishuka na nje hakuna maji, chomoa plagi zote na mwenzako apige starta. Silinda inayorusha maji imejitaja.

Plagi nazo zina ushahidi. Zipange kwa mfuatano zilivyotoka. Plagi ya silinda inayoingiza maji hutoka safi kupita wenzake, kama imeoshwa kwa mvuke, na kweli imeoshwa.

Watu wengi huona utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili na kuhukumu gasketi papo hapo. Utando mwembamba wa kwenye kifuniko peke yake mara nyingi ni unyevu wa safari fupi, injini isipopata muda wa kukausha oili yake. Oili kwenye kijiti ikiwa na rangi hiyo, hapo ndipo maji yameingia kwenye oili, na injini isiwashwe tena hata kwa kuisogeza gari, kwa sababu oili hiyo hailindi beringi.

Hatari ya pili ni ya silinda kujaa maji gari likiwa limezimwa. Maji hayagandamiziki. Ukipiga starta na injini ikagoma ghafla kwa kishindo kama imegonga ukuta, usirudie. Chomoa plagi kwanza, zungusha maji yatoke. Anayelazimisha hupinda koni rodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, na kazi iliyokuwa ya gasketi inakuwa ya injini nzima.

Gasketi ikibadilishwa, hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na geji ya unene, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Hedi nyingi za aluminiamu zinavumilia kupinda milimita 0.05 tu, kitabu cha injini husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Boliti zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, na zile zinazokazwa kwa nyuzi za kuzungusha kwa kawaida hazitumiki mara ya pili, kwa kuwa zimeshavutika. Zaidi ya yote ijulikane kwa nini gari lilichemsha: feni, thamostati, rejeta iliyoziba, pampu ya maji. Gasketi mpya juu ya feni mbovu itaungua kama ya kwanza.

Mweupe wa dizeli ni habari nyingine. Injini ya dizeli inaweza kutoa moshi mweupe bila tone la maji kuingia, kwa sababu dizeli isiyoungua hutoka ikiwa ukungu. Huu unachoma macho na unanuka dizeli mbichi. Ukitoka asubuhi tu, injini ikitetemeka na kukosakosa, kisha ukaisha ikipata moto, anza na hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto chumba cha mwako. Chomoa nyaya zake, upime kila moja kwa multimita kati ya ncha yake na bodi ya injini: nzima huwa na ukinzani mdogo sana, kwa kawaida kati ya ohm 0.5 na 2, na iliyokufa haisomi kitu. Moshi huo ukiendelea injini ikiwa ya moto, fikiria nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, taiming ya pampu iliyochelewa, maji kwenye dizeli, au mgandamizo uliokwisha. Kwa dizeli yenye reli ya pamoja (bomba moja la shinikizo linalolisha nozeli zote), mashine ya kusoma kompyuta ya gari huonyesha masahihisho ya kila nozeli, na ile iliyojitenga na wenzake ndiyo ya kutolewa kwanza.

Sasa kile kikopo cha breki. Busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye kanyagio, kwa gari la petroli hupata mvuto wake kutoka kwenye manifodi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Sili ya nyuma ya masta silinda, pampu ya breki iliyo mbele ya busta, ikichoka, mafuta ya breki hupenya ndani ya busta, na injini huyavuta na kuyaunguza. Moshi wake ni mweupe mzito, unafanana sana na wa kulanti, lakini rejeta haipungui. Kinachopungua ni kikopo cha breki, na magurudumu yote ni makavu. Chomoa mpira wa mvuto kwenye busta, ukiukuta umelowa umepata jibu. Gari lisiende popote kabla ya masta silinda kubadilishwa. Kwenye baadhi ya magari ya zamani ya otomatiki kuna kifaa cha mvuto kwenye giaboksi ambacho kiwambo chake kikichanika huleta hadithi hiyohiyo kwa oili ya giaboksi.

Moshi wa bluu

Hapa ni oili, na hapa ndipo wakati una thamani kuliko rangi.

Moshi ukitoka kama pumzi moja kubwa wakati wa kuwasha baada ya gari kulala, kisha ukapungua ndani ya nusu dakika hivi, shuku sili za valvu. Usiku oili iliyobaki juu ya hedi hushuka polepole kwenye shina la valvu na kukusanyika, asubuhi inaungua yote kwa pamoja. Dalili ya pili ya sili hizo ni mteremko. Gari likishuka kwenye gia bila mafuta, mvuto ndani ya manifodi huwa mkubwa sana, na oili hunyonywa kupitia sili zilizokauka. Shuka hivyo sekunde 20 au 30, kisha kanyaga mafuta, na mwenzako atazame nyuma: wingu la bluu pale pale mafuta yanapokanyagwa linasema sili, au nafasi kati ya shina la valvu na tundu linaloliongoza imekuwa kubwa. Kusimama muda mrefu kwenye foleni kisha kuondoka kwa wingu ni dalili ya familia hiyohiyo.

Moshi ukiwa unazidi kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, mlimani, kwenye mwendo, na hauishi injini ikipata moto, geukia ringi na kuta za silinda. Injini ikinguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Injini yenye ringi nzuri hukitikisa tu, na nyingi hukivuta kidogo. Yenye ringi mbovu hukirusharusha, na ukikiondoa utaona moshi unatoka kwa mapigo, puf, puf, puf, kama mtu anayepuliza sigara. Mafundi husema injini inapumua. Lakini usitoe hukumu hapo, kwa sababu njia ya kupumulia ikiziba injini nzima pia itapumua.

Kwa hiyo valvu ya PCV itazamwe kabla ya kingine chochote. Kazi yake ni kurudisha mvuke wa oili kwenye manifodi kwa kipimo. Ikinasa wazi, injini hunyonya oili bila kipimo. Ikiziba, shinikizo hupanda ndani na kusukuma oili kwenye sili na kwenye ringi. Ichomoe, itikise sikioni: nyingi zikiwa nzima hugonga ndani kama punje. Kisha injini ikiwashwa ziba mdomo wake kwa kidole, usikie kinavutwa. Isiyogonga au isiyovuta ibadilishwe, na mpira wake usafishwe. Injini nyingine zina kiwambo ndani ya kifuniko cha valvu badala ya valvu ya kuchomoa. Kikichanika hulia mluzi, na kifuniko cha oili hung'ang'ania kwa mvuto.

Kijiti nacho. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu hupigwa na kranki, shafti inayozunguka chini ya injini, ikatoka povu na kuvutwa kwenye hewa ya injini. Kutoa nusu lita kumewahi kumaliza moshi ambao tayari ulikuwa umepangiwa ovahoo.

Baada ya hapo ndipo mgandamizo upimwe, na upimwe hivi:

1. Injini iwe ya moto, betri ijae. Kata umeme wa plagi na wa injekta ili isinyunyize petroli.
2. Chomoa plagi zote, si moja tu, na uzitazame. Iliyolowa weusi wa kung'aa inatoka kwenye silinda inayoingiza oili.
3. Funga geji kwenye tundu la kwanza. Mwenzako akanyage mafuta hadi chini, kwenye gari ambalo kanyagio huvuta kebo, ili hewa ipite, apige starta hadi mapigo kama 6. Andika.
4. Rudia kwa kila silinda kwa idadi ileile ya mapigo.
5. Kwenye silinda iliyosoma chini, ingiza kijiko kimoja cha chai cha oili, kama mililita 5, zungusha kidogo isambae, upime tena.

Injini nyingi za petroli zenye afya husoma psi 150 hadi 200, na dizeli 300 hadi 450 kwa geji yake maalumu. Muhimu kuliko namba yenyewe ni tofauti: silinda ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, ina tatizo. Oili uliyoongeza ikipandisha kipimo sana, imeziba pengo la ringi kwa muda, kwa hiyo ringi ndizo. Kisipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika kati yao.

Kuna mtego. Injini inaweza kusoma mgandamizo mzuri kabisa na bado ikala oili, kwa sababu ringi za kukwangua oili zimenasa kwenye mifereji yake kwa kaboni, huku ringi za juu za mgandamizo ni nzima. Hili hutokea sana kwa injini zilizocheleweshewa kubadilishwa oili. Kabla ya kufungua, inafaa kujaribu kuloweka: dawa ya kuyeyusha kaboni humiminwa kupitia matundu ya plagi, ikaachwa saa kadhaa, kisha injini izungushwe bila plagi matundu yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa, na oili yote imwagwe na kuwekwa mpya. Si kila injini huitika, lakini inayoitika huokoa kazi kubwa.

Kwa magari yenye turbo ongeza swali moja. Fungua bomba linalotoka kwenye turbo kwenda intakula, kipoza hewa ya turbo. Utando mwembamba wa oili ni wa kawaida. Oili iliyotuama ya kumwagika si ya kawaida. Shika shafti ya turbo, injini ikiwa imezimwa na kupoa: mchezo mdogo wa pembeni upo kwa wengi, lakini wa kuingia na kutoka usisikike, na mabawa yasikwaruze ganda. Kabla ya kununua turbo, kagua bomba la kurudisha oili. Likiziba au kubanwa, oili haina pa kushukia na itapita kwenye sili hata turbo ikiwa mpya, na turbo ya pili itavuja wiki ileile.

Turbo ikivuja sana kwenye dizeli inaweza kuleta jambo la kutisha: injini inaanza kuungua kwa oili yake yenyewe, inapanda mizunguko peke yake, na ufunguo hauizimi. Ikiwa gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, achia klachi izime. Ikiwa ni otomatiki, simama na sogea mbali nayo. Kuziba mdomo wa hewa kwa ubao mgumu ni kazi ya mwenye vifaa na ujuzi, kamwe si ya kiganja cha mkono.

Moshi mweusi

Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Petroli inahitaji uzito wa hewa kama mara 14.7 ya wake ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua, kaboni isiyoungua hutoka ikiwa masizi.

Kwa gari la kabureta, filta ya hewa iliyoziba au choki iliyonasa ni jibu la kawaida. Kwa gari la injekta, kubadilisha filta kwa matumaini kwamba moshi utaisha huwa kunakatisha tamaa, kwa kuwa kompyuta hupima hewa iliyoingia na kupunguza petroli kwa kadiri hiyo. Filta chafu hupunguza nguvu kuliko kuleta weusi. Tafuta kinachoidanganya kompyuta. Sensa ya joto la maji ndiyo ya kwanza kwangu: ikisema injini ni baridi wakati ni ya moto, petroli huongezwa mfululizo. Sensa nyingi husoma kama ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na ohm 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ipime baridi, ipime moto. Kisha sensa ya kupima hewa: ikiwa imechafuka, isafishwe kwa dawa yake bila kuguswa kwa brashi. Kisha sensa ya oksijeni.

Nje ya umeme kuna regyuleta, kidhibiti cha shinikizo la petroli, yenye kiwambo. Chomoa mpira wake mwembamba wa mvuto. Ukisikia harufu ya petroli ndani au ukiukuta umelowa, kiwambo kimetoboka na injini inakunywa mbichi. Na kuna injekta inayovuja ikiwa imezimwa, ambayo huleta weusi na ugumu wa kuwaka gari likizimwa muda mfupi likiwa moto.

Weusi wa petroli usiachwe uendelee. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye kata, bakuli la oili chini ya injini. Kijiti kikionyesha oili imepanda na inanuka petroli, ibadilishwe mara tu chanzo kikitengenezwa. Petroli nyingine huunguzwa ndani ya masega ya katalisti, kifaa cha kusafisha gesi kwenye ekzosi; masega hayo yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba ekzosi.

Kwa dizeli, weusi hutoka injini inapobebeshwa mzigo. Anza upande wa hewa: filta, kisha mipira ya intakula. Mpira uliochanika hujifunga gari likiwa limesimama na hufunguka shinikizo likipanda, kwa hiyo utafute kwa maji ya sabuni mfumo ukiwa umepampiwa hewa kidogo, au ufuate alama ya oili na vumbi iliyoshikamana nje. Valvu ya EGR iliyonasa wazi hurudisha ekzosi badala ya hewa safi, na manifodi huota masizi mazito. Nozeli na pampu zifuate baadaye. Gari lenye chujio la masizi linapaswa kuwa na ndani ya bomba pasipo weusi kabisa. Pitisha kidole injini ikiwa baridi, na kikitoka cheusi, chujio limepasuka au limeondolewa.

Kijivu ni rangi ngumu, maana inaweza kuwa bluu iliyochanganyika na mweupe au oili ya giaboksi. Rudi kwenye alama zako za oili, maji na breki, kilichopungua ndicho kinachoungua. Isipokuwa dizeli yenye chujio la masizi: ikijisafisha hutoa joto kali na moshi hafifu wa kijivu kwa dakika chache.

Baada ya matengenezo

Moshi hauishi palepale. Oili na kulanti vilivyojilimbikiza kwenye silensa huendelea kuungua hadi bomba lote likauke. Endesha gari kwenye mwendo wa kawaida nusu saa au zaidi kabla ya kusema kazi haikufanikiwa. Rudisha oili kwenye alama ya juu, weka tepu mpya kwenye tenki la maji na kwenye kikopo cha breki, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, na upime tena zikifika 500, asubuhi, mahali palepale pa tambarare.